Kibali cha kupima dawa ya wadudu: nani anauliza kuhusu mzigo?

RUTI, MBARARA – Lori linapoondoka Ruti likiwa limejaa maharage, dereva huwa na karatasi za mzigo, za forodha na za mizani. Hakuna karatasi inayosema shamba lilipuliziwa dawa gani, wala kama dawa hiyo imeshasajiliwa au ilikuwa bado inafanyiwa majaribio. Hata hivyo, swali hilo likiulizwa mpakani au bandarini na jibu likakosekana, mzigo mzima unaweza kurudi ulikotoka. Gharama ya kurudi haimwangukii aliyetoa kibali cha dawa. Inamwangukia mwenye mzigo na mwenye lori.

Ndiyo maana wafanyabiashara na wasafirishaji wa ukanda huu wanapaswa kufuatilia jambo ambalo wengi wameliachia wataalamu wa kilimo na afya, yaani namna serikali inavyopitia na kuidhinisha majaribio ya dawa za kuua wadudu. Uganda ina historia ndefu katika jambo hili, na historia hiyo inaonyesha kwamba kibali kinaweza kuwa halali kabisa kisheria na bado kikaua soko.

Barabara na mizigo yake

Ruti iko upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, kwenye barabara inayotoka Mbarara kuelekea Ntungamo na Kabale. Kutoka huko njia zinagawanyika kwenda Mirama Hills na Katuna kwa wanaoingia Rwanda, na Bunagana kwa wanaoelekea Congo. Upande wa kusini iko wilaya ya Isingiro yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950. Huko Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine wanaishi na wenyeji, na Kiswahili ni lugha ya soko. Mahindi na maharage ya viwanja vidogo vidogo vya Nakivale hukusanywa gunia kwa gunia hadi yanakuwa shehena.

Huu ndio ugumu wenyewe. Shehena moja ina mazao ya wakulima wengi sana. Kama mmoja wao alitumia dawa isiyofaa, au nyumba yake ilipuliziwa dawa wakati magunia yakiwa ndani, hakuna anayeweza kulitambua gunia lake. Mpimaji akichukua sampuli na kukuta mabaki ya dawa, hakatai gunia moja. Anakataa shehena nzima.

Nani hutoa kibali?

Nchini Uganda kazi hii imegawanywa. Dawa za mashambani ziko chini ya Bodi ya Kemikali za Kilimo katika Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi, kwa mujibu wa sheria ya 2006. Dawa za mifugo, zikiwemo za kuogeshea ng'ombe dhidi ya kupe, zinasimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Dawa, NDA. Mradi wenye athari kwa mazingira hupitia NEMA, yaani Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira. Utafiti wenyewe husajiliwa na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia.

Kwa kawaida dawa mpya ya shambani haisajiliwi kwa maneno ya muuzaji peke yake. Hupimwa kwanza katika mashamba ya majaribio kuona kama inaua mdudu anayelengwa, kwa kipimo gani, na inaudhuru mmea kiasi gani. Baada ya hapo huangaliwa usalama wa mtumiaji, wa mlaji na wa mazingira.

Maswali hayo ni ya lazima, lakini kwa mtu wa barabarani limebaki moja. Je, nchi itakayopokea zao hili inaijua dawa hii, na inaruhusu mabaki kiasi gani? Kama nchi hiyo haijaweka kiwango, jibu linaweza kuwa karibu na sifuri.

Gramu 1 katika malori manne

Katika Umoja wa Ulaya, dawa ambayo haijawekewa kiwango chake cha mabaki kwenye zao fulani hupewa kiwango cha jumla cha miligramu 0.01 kwa kila kilo ya zao. Utaratibu huo umetumika kikamilifu tangu Septemba 2008. Japani nayo ilianza kutumia kiwango kama hicho mwaka 2006.

Tuligeuze hilo kuwa hesabu ya malori. Miligramu 0.01 kwa kilo ni sawa na gramu 1 ya dawa iliyosambaa katika tani 100 za mazao. Tani 100 ni malori manne ya tani 25. Gramu 1 ni sukari kidogo tu kwenye ncha ya kijiko. Ikizidi hapo, mzigo umevunja sheria ya mnunuzi, hata kama sheria ya nchi ulikotoka haikuvunjwa.

Dawa iliyo katika majaribio mara nyingi ndiyo hiyo isiyo na kiwango. Bado ni mpya, na pengine hakuna aliyeomba kiwango chake kwenye zao hilo. Kwa hiyo zao la shamba la majaribio likichanganywa na mazao mengine sokoni, linabeba hatari kubwa kuliko zao lililopuliziwa dawa ya zamani inayojulikana.

Marekani wameliona jambo hili. Huko anayetaka kupima dawa isiyosajiliwa kwenye eneo linalozidi ekari 10 anatakiwa kuomba kibali maalumu cha majaribio kutoka Shirika la Hifadhi ya Mazingira, EPA. Zao la chakula lililopuliziwa lazima liwe na kiwango cha mabaki kilichowekwa, hata cha muda, la sivyo liharibiwe lisiingie sokoni. Na baada ya malalamiko makubwa kuhusu majaribio ya dawa hizo kwa watu, tangu 2006 shirika hilo lina bodi ya wataalamu wa nje inayopitia mapendekezo ya majaribio ya namna hiyo kabla hayajaanza. Jambo la kuzingatia ni kwamba mapitio hufanyika kabla ya jaribio, na hatima ya zao huandikwa ndani ya kibali.

Tulikotoka: Kigezi na Entebbe

Afrika Mashariki si mgeni katika majaribio haya. Kituo cha utafiti wa dawa za wadudu kilichokuja kuwa TPRI ya Arusha kilianzia Entebbe mwaka 1945, chini ya serikali ya kikoloni. Kazi za TPRI zimeingia katika mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu ya Tanzania, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya 2020.

Kuanzia 1959, kaskazini mwa Kigezi, katika ukanda huu huu wa kusini-magharibi, nyumba zilipuliziwa DDT katika jaribio la kutokomeza malaria lililoungwa mkono na Shirika la Afya Duniani. Malaria ilipungua sana. Kwa upande wa afya lilikuwa jaribio lenye mafanikio, na wapo wazee wa ukanda huu waliokua wakisikia habari zake.

Lakini zama hizo soko halikuwa likipima mabaki kama linavyopima sasa. Miaka karibu 50 baadaye dawa ni ile ile, njia ya kupulizia ni ile ile, ila mnunuzi amebadilika.

Onyo la samaki, 1999

Mnunuzi alionyesha kubadilika kwake mapema. Mwaka 1999 ilibainika kwamba baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walikuwa wakitumia dawa za wadudu kuua samaki. Uganda yenyewe ilisimamisha mauzo ya samaki kwenda Ulaya, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango kwa samaki wa ziwa hilo. Viwanda vya minofu vilipunguza kazi au kufunga, na magari ya barafu yakakosa mizigo. Samaki wa Uganda hawakuruhusiwa tena kuingia soko hilo hadi 2000, baada ya nchi kuthibitisha kwamba ina uwezo wa kukagua na kupima.

Hapakuwa na kibali chochote katika mkasa ule. Lilikuwa kosa la watu wachache wenye tamaa. Hata hivyo adhabu iliwafikia wote, na mlango ulifunguka pale tu nchi ilipoonyesha vipimo na karatasi. Kuomba radhi kusingetosha.

DDT, 2008: kibali chenye masharti

Septemba 2006 Shirika la Afya Duniani lilitangaza tena kuunga mkono upuliziaji wa dawa ndani ya nyumba, DDT ikiwemo. Mkataba wa Stockholm, ulioanza kufanya kazi 2004, unakataza DDT mashambani lakini unairuhusu kwa kupambana na wadudu waenezao magonjwa. Kwa hiyo Uganda ilikuwa na haki ya kuitumia. Wizara ya Afya ilitaka hivyo, na hoja yake haikuwa nyepesi, kwa kuwa malaria ilikuwa ikijaza wodi na kuzika watoto. Asiyeliona hilo hana haki ya kujadili suala hili.

NEMA ilipitia tathmini ya athari kwa mazingira na kutoa kibali chenye masharti ya uangalizi. Aprili 2008 kazi ilianza katika wilaya za Apac na Oyam, kaskazini mwa nchi.

Tatizo ni kwamba Lango ni eneo la pamba na ufuta, na wakulima wengi walikuwa wamejiandikisha katika kilimo hai, kile kisichotumia kemikali za viwandani. Mnunuzi wa Ulaya huwalipa bei ya juu kwa sababu hiyo. Na mkulima wa Lango, kama wa Nakivale, hana ghala. Ghala lake ni chumba anacholala. Ukipulizia ukuta wa chumba hicho umepulizia ghala, na DDT hukaa ukutani na udongoni muda mrefu.

Kampuni za kununua mazao hai ziliingiwa na hofu ya kununua kutoka nyumba zilizopuliziwa. Baadhi yao, pamoja na watetezi wa mazingira, walikwenda mahakamani wakidai kwamba masharti ya kibali hayakufuatwa. Mwaka huo huo wa 2008 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda ya kusimamisha upuliziaji. Baadaye serikali iligeukia dawa nyingine, na kuanzia 2010 bendiocarb ilitumika katika wilaya za kaskazini. Ikumbukwe pia kwamba mwaka 2006 huko Kabale nyumba zilikuwa zimepuliziwa dawa ya ICON, ambayo si DDT. Njia mbadala ilikuwapo na ilikuwa imeshajaribiwa nchini.

Umoja wa Ulaya ulisema nini hasa? Haukusema kwamba nchi inayotumia DDT kwa malaria itafungiwa. Ulisema mzigo utakaozidi kiwango cha mabaki utakataliwa, na kwamba wanunuzi binafsi wana uhuru wa kuamua wenyewe. Watu wengi serikalini walisikia sehemu ya kwanza wakatulia. Wafanyabiashara walisikia ya pili wakashtuka. Mnunuzi binafsi hahitaji sheria ili kukuacha. Anabadilisha nchi msimu ujao, na hakuna mahakama unayoweza kumpeleka.

Kosa lilikuwa wapi?

Wapo wanaosema serikali ilikosea kuchagua DDT, na wapo wanaosema wafanyabiashara waliweka faida mbele ya uhai wa watoto. Kwa maoni yetu pande zote mbili zinakwepa jambo la msingi. Masharti yalikuwapo, lakini hayakuwa na mtu wa kuyasimamia nyumba kwa nyumba. Ukimwambia mkulima atoe magunia nje kabla ya kupulizia, ni lazima umwonyeshe pa kuyaweka. Ukisema mazao hai yatengwe, ni lazima awepo mwenye daftari la nyumba zilizopuliziwa, na mnunuzi aruhusiwe kulisoma. Sharti lisilo na daftari ni nasaha tu.

La pili, wenye mizigo waliingia kwenye mjadala kwa nguvu zote wakati pampu zimeshafika vijijini. Walipata amri ya mahakama, lakini amri haifuti dawa iliyokwisha kugusa ukuta. Kinga ni bora kuliko tiba, na hapa kinga ilikuwa kikao cha mapitio kabla ya kibali kutiwa saini.

Wasafirishaji nao wasijione wako nje ya jambo hili. Mwaka huo huo wa 2008 Japani ilikuta mabaki ya dawa za wadudu katika kahawa ya Ethiopia, na biashara hiyo ikaporomoka. Magunia ya juti yaliyobebea kahawa yalishukiwa kuwa chanzo. Shamba linaweza kuwa safi na gunia au bodi ya lori ikawa ndiyo yenye dawa.

Jaribio lisilo na kibali

Turudi Mbarara. Leo mjadala mkubwa wa dawa katika ukanda huu wa ng'ombe unahusu kupe. Utafiti uliochapishwa 2016, ukiongozwa na Patrick Vudriko wa Chuo Kikuu cha Makerere, ulionyesha kupe waliokuwa sugu kwa dawa za zaidi ya kundi moja. Mfugaji anaogesha, kupe hafi. Anaongeza kipimo, kupe hafi. Mwisho wake wapo wanaochanganya dawa mbili, au wanaomwogesha ng'ombe kwa dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mboga na nyanya.

Hilo nalo ni jaribio la dawa, ila halina aliyelipitia, halina kibali, halina kipimo, na zao lake ni maziwa yanayokamuliwa kesho asubuhi. Maziwa ndiyo utajiri wa Mbarara, na viwanda vyake huuza nje ya nchi. Kuchelewesha mapitio ya dawa mpya za kupe kwa hiyo kuna hatari yake. Mfugaji aliyekata tamaa hasubiri kikao cha bodi. Serikali inayotaka kulinda soko inapaswa kupima haraka na kupima vizuri, kwa sababu mahali pa kibali kilichochelewa hujazwa na chupa kutoka duka la pembeni.

Tumeona maziwa yanavyoweza kuzuiwa. Kuanzia mwishoni mwa 2019 Kenya ilikamata maziwa ya Uganda, na Machi 2023 ilisimamisha uingizaji wa maziwa ya unga. Sababu zilizotolewa hazikuwa dawa za kupe. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, na Juni 2023 Sudan Kusini ilizuia malori ya mahindi ya Uganda kwa sababu kama hiyo, madereva wakalala mpakani. Hapo pia suala halikuwa viuatilifu. Lakini somo ni moja: jirani akitaka kuzuia mzigo kwa sababu ya usalama wa chakula, asiye na cheti cha maabara hana la kujibu. Mabaki ya dawa yakigeuzwa kuwa sababu siku moja, tutakuwa na karatasi gani mkononi?

Mipaka na bodi nyingi

Jumuiya ya Afrika Mashariki imeandaa miongozo ya pamoja ya majaribio na usajili wa viuatilifu, lakini kibali bado kinatolewa na kila nchi kivyake. Kenya ina bodi yake, PCPB. Tanzania ina TPHPA. Uganda ina yake. Dawa iliyoidhinishwa Kampala inaweza kuwa imeondolewa Nairobi. Congo iliyojiunga 2022 ni soko kubwa la mazao ya ukanda huu, na Bunagana imekuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu Juni 2022, jambo ambalo limevuruga ukaguzi na biashara halali.

Kwa mwenye lori maana yake ni hii: usidhani kwamba kilicho halali Ruti ni halali kila mahali barabara inapofika.

Yapasayo kuulizwa mapema

Sheria ya mazingira ya Uganda inatoa nafasi ya maoni ya wananchi katika tathmini ya athari, na vyama vya wafanyabiashara na wasafirishaji vina haki ya kuandika na kuhudhuria kama wengine. Tunapendekeza mambo manne yaulizwe kila jaribio la dawa linapotajwa katika wilaya tunazonunulia mizigo.

Kwanza, eneo la jaribio liko wapi kwa jina la kijiji, na daftari lake litakuwa kwa nani? Mnunuzi akijua, atanunua kwingine msimu huo na kurudi baadaye.

Pili, zao la shamba la majaribio litakwenda wapi? Kama dawa haina kiwango cha mabaki katika nchi tunazouzia, kibali kiseme wazi kwamba zao liharibiwe na mkulima alipwe fidia. Bila fidia, zao hilo litauzwa usiku.

Tatu, nani atapima mabaki, kwa maabara ipi, na kwa gharama ya nani? Si haki mwenye dawa apate faida na mwenye mzigo alipie kipimo.

Nne, mazao yatahifadhiwa wapi endapo nyumba zitapuliziwa? Turubai na banda la muda ni vitu rahisi kuliko shehena iliyorudishwa kutoka ng'ambo.

Wakati tukisubiri serikali, yapo ya kufanya wenyewe. Tusibebe madumu ya dawa na magunia ya chakula katika bodi moja. Tusafishe bodi baada ya kubeba dawa. Tusinunue magunia yaliyotumika bila kujua yalibeba nini. Tuandike jina la kijiji kwenye kila kundi la magunia tangu siku ya kununua. Ni kazi ya kalamu na dakika chache, lakini siku shehena ikikutwa na kasoro, kalamu hiyo ndiyo itakayookoa magunia ya vijiji vingine.

Dawa za wadudu zitaendelea kuhitajika, kwa malaria, kwa viwavi na kwa kupe, na lazima zijaribiwe ili zijulikane. Hatupingi majaribio. Tunachosema ni kwamba mwenye mzigo akae mezani kabla ya saini kuwekwa, kwa kuwa yeye ndiye atakayeulizwa mpakani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa soko lililofungwa hujengwa kwa fedha za watu wa barabarani.